Kilo za Nani? Kusoma Safu Ndani ya Safu

Mkulima mdogo wa chai Kericho au Bomet hulipwa kwa kilo kila mwezi, kisha husubiri bonasi. Kilo hizo huanzia kituo cha kukusanyia majani, karani anapompimia kila mkulima majani yake kabla lori halijapeleka mzigo kiwandani, iwe Litein au Mogogosiek. Kiwanda kina vituo, kituo kina wakulima, mkulima ana vipimo vyake. Anayeanza kujifunza Python hatapata mfano bora wa safu ndani ya safu, maana hapa namba moja ikikosewa, kuna mtu anayepunjwa.

Tuchukue vituo viwili, kila kimoja na wakulima wawili, kwa takwimu za mfano tu:

majani = [[[12, 9, 15], [20, 18]], [[7, 11], [14, 10, 16, 13]]]

Tunazitaka kilo 16. Ziko kwenye majani[1][1][2]. Wanaoanza hukariri mabano haya kwa mkupuo; heri wayasome moja moja kutoka kushoto, wakijiuliza kila mara: sasa nimeshika nini? Ukiandika majani[1] umeshika kituo cha pili kizima. [1] inayofuata haikijui kiwanda. Inachagua tu ndani ya kituo ulichoshika, nayo inakupa vipimo vinne vya mkulima wa pili. [2] inatoa kipimo cha tatu. Ukiongeza bano la nne unataka kufungua namba, na Python itagoma.

Cha pili kinaitwa 1 kwa sababu faharasa, yaani namba iliyo ndani ya mabano, hupima umbali kutoka mwanzo, na cha kwanza hakiko mbali hata hatua moja. Lugha ya Fortran ya 1957 ilianzia 1. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliitetea sifuri kama mwanzo mwaka 1982, na hoja yake naikubali.

Ukiomba majani[1][0][2], programu inasimama, kwani mkulima huyo amepimwa mara mbili tu. Hilo ni kosa zuri: limejitangaza. Ninaloliogopa ni lile la kimya. Tuseme programu inapokea nafasi ya mkulima orodhani na kutoa moja ili ipate faharasa. Karani akibonyeza 0, faharasa inakuwa -1, ambayo Python huikubali kwa maana ya “wa mwisho”. Majani ya asubuhi yanaandikiwa mtu mwingine, na skrini haisemi kitu.

Kwa hiyo ikague namba kabla ya kuitumia. Lakini dawa hasa ni kuacha kumtambua mkulima kwa nafasi yake, kwa sababu mmoja akiondolewa, wote walio nyuma yake husogea. Mweke kwenye kamusi ya Python kwa namba yake ya usajili: majani[1]["0427"][2]. Vipimo vibaki safu, maana mfuatano wao ndio mfuatano wa siku za kuchuma. Namba ya usajili iandikwe ndani ya alama za kunukuu, la sivyo Python itaikataa kwa ajili ya ile sifuri ya mbele.