Mtemi wa Bandia Hupimwa kwa Mvua

Ukishika riwaya ya kihistoria ambamo mtu wa kawaida anajifanya mfalme, usitazame kwanza jinsi anavyofanana na mfalme wa kweli. Katika The Prisoner of Zenda ya Anthony Hope (1894) sura ndiyo kila kitu: Mwingereza mmoja amefanana na mfalme, na nchi nzima inadanganyika. Mwandishi wa mkoa wa Mara, Tanzania, akiiga hilo amekwama mapema. Huku Ikizu na Zanaki mtemi, yaani mtawala wa jadi, hakujulikana kwa sura wala taji, alitazamiwa mvua. Mimi huuliza: ukame unaingia ukurasa wa ngapi? Kama mlaghai amekula utemi miaka mitatu na hakuna mzee aliyemwuliza habari za mawingu, riwaya hiyo ni ya nchi nyingine iliyopewa majina ya Bunda.

Kipimo bora tunacho nyumbani. Wazee wa Ikizu husimulia habari za Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi, upande wa Usukuma, akamkuta Isamongo, mwenyeji wa nchi. Nyakinywa alikuwa na mvua, Isamongo alikuwa na moto. Wakashindania utawala, na mwanamke ndiye akawa mtemi wa kwanza. Baada yake wakafuata watemi wanawake wengine. Nyakinywa hakuwa mlaghai, lakini alikuwa mgeni, na mgeni yeyote anayedai utemi yuko kwenye mtihani uleule wa tapeli: aonyeshe. Historia ya Ikizu na Sizaki iliyoandikwa na Mturi na Sasora imo katika mkusanyo wa maandishi ya wenyeji uliochapishwa na Jan Bender Shetler mwaka 2003. Mwandishi wa riwaya za namna hii ambaye hajasoma habari hizo hugundulika haraka.

Tazama pia mapenzi yamewekwa wapi. Riwaya dhaifu humpa mlaghai mpenzi mrembo asiyejua lolote, kisha ukweli unafichuka na machozi yanamwagika. Fundi humpa mpenzi mwenye nguvu zake mwenyewe, anayeweza kumwumbua na bado akabaki. Mfanye Isamongo mpenzi wa namna hiyo: ana moto. Akinyamaza, kunyamaza kwake kuna gharama. Hapo mapenzi na siasa vinakuwa jambo moja, nami husoma bila kuruka hata mstari.

Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere wa Butiama ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka 1969, inafundisha pia kwamba sura pekee haitoshi. Portia anaingia mahakamani kwa mavazi ya mwanamume, lakini mavazi hayo yangemfikisha mlangoni tu. Kinachomwokoa Antonio ni hoja.

Vyakula na vyombo sitavikalia sana. Riwaya ikiwa ya karne ya kumi na nane, weka ulezi na mtama, ng'ombe wa mahari, na moto uliotunzwa usizimike. Kiti cha enzi chenye dhahabu kikitokea chini ya mlima Chamuriho huko Ikizu, funga kitabu.

Kipindi cha wakoloni kinataka uangalifu zaidi, na ndicho ninachotamani kukiona kikiandikwa vizuri. Wazanaki hawakuwa na mtemi mmoja wa nchi nzima. Utemi wa kukusanya kodi na kupokea amri ulikuzwa na Wajerumani, kisha Waingereza. Nyerere Burito, baba yake Mwalimu, alikuwa mmoja wa watemi wanane wa Wazanaki. Katika mazingira hayo mtemi wa bandia anaweza kuwa na barua ya serikali mkononi, huku mtu anayeheshimiwa kwa mvua akiishi kilima cha pili bila cheo chochote. Nani kati yao anaigiza? Mwandishi anayeliacha swali hilo liwasumbue wahusika hadi 1963, serikali huru ilipofuta utemi, ana riwaya mkononi. Anayelijibu sura ya pili ana hotuba.

Mwishowe nenda kurasa za kufungia. Ukikuta bibi kizee anatoa siri kwamba yule mtu wa kawaida alikuwa damu ya watemi tangu kuzaliwa, mwandishi ameogopa hadithi yake mwenyewe. Amefuta hatari yote uliyoishi nayo na kurudisha utawala kwenye ukoo, kana kwamba kipaji na ujasiri wa mtu asiye na jina havikutosha. Kitabu hicho simwazimi mtu, hata kiwe kimeandikwa kwa Kiswahili kitamu namna gani.