Filamu za Mwongo Mmoja: Masikio Kabla ya Macho

Mtu akiulizwa filamu alizozipenda zaidi kati ya 2010 na 2019, hutarajiwa kutoa orodha, ya kwanza hadi ya kumi. Zangu hazifiki kumi, wala sikuzipima kwa tuzo au kwa ufundi wa kamera. Nimezichagua kwa sikio. Ni filamu za Afrika Mashariki ambazo mtazamaji akitegemea tu maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, huondoka na nusu yake. Kigezo hiki hakika ni cha mkaazi wa ughaibuni. Katika kumbi za London nimezoea kusikia vicheko viwili: cha wanaocheka neno linapotamkwa, na cha wanaocheka tafsiri inapowafikia. Zipo nyakati ambapo kicheko cha pili hakiji kabisa, nami nyakati hizo huzihesabu.

Kigezo cha sikio si kigeni kwa hadhira yetu. Katika vibanda umiza vya Tanzania na vibanda vya video vya Kenya, watu wengi waliijua sinema kupitia wafasiri kama Lufufu na, baada yake, DJ Afro, waliozieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakikatiza, wakitania, wakiwapa wahusika majina na tabia za mtaani. Wapo wanaouita ufasiri huo upotoshaji. Mimi nauona kuwa ni usimulizi, ndugu wa ngano, na nadhani filamu zetu zilizo bora katika kipindi hiki zimerithi zaidi kutoka kwa msimulizi huyo kuliko kutoka kwa filamu alizokuwa akizifasiri.

Tazama *Nairobi Half Life* (2012) ya David “Tosh” Gitonga, filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Mwas, kijana wa kijijini, anauza DVD za filamu za mapigano, na ili aziuze huziigiza mbele ya wateja. Bidhaa anayoiuza hasa ni mdomo wake. Anaingia Nairobi na ndoto ya kuwa mwigizaji, anaporwa siku ya kwanza, anatiwa mahabusu, na huko anaamrishwa kusafisha choo ambacho hata kukiangalia ni adhabu. Anaifanya kazi hiyo kama aliye jukwaani, na kwa uigizaji huo anapata urafiki wa Oti, kiongozi wa genge la wezi wa vipuri vya magari. Tangu hapo anaishi maisha mawili, ya genge na ya tamthilia, naye Joseph Wairimu, aliyepata tuzo ya mwigizaji bora Durban kwa nafasi hii, anayatenganisha kwa sauti kabla ya mavazi: Kigikuyu cha nyumbani, Sheng ya genge, Kiingereza cha watu wa maigizo. Kila lugha ina mabega yake na mwendo wake. Maandishi ya chini huzigeuza zote kuwa Kiingereza kimoja kilichonyooka, na mtazamaji asiyezijua hudhani anamwona kijana mmoja anayebadilisha shati. Wahakiki wengi waliisifu kama filamu ya uhalifu. Sehemu ya uhalifu kwangu ndiyo dhaifu. Polisi wake wabaya tumeshawaona kwingine. Nguvu yake imo katika swali la nani anaruhusiwa kusema nini, wapi, na kwa lugha gani.

*Supa Modo* (2018) ya Likarion Wainaina naipenda kuliko zote. Jo, mtoto wa miaka tisa anayepiganwa na ugonjwa usiopona, anarudishwa kijijini kutoka hospitali. Hatufichwi kwamba atakufa. Dada yake, Mwix, anawashawishi wanakijiji wamwaminishe mtoto kuwa ana nguvu za ajabu kama shujaa wa filamu azipendazo, na hatimaye kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Lugha yetu imewapa miaka kumi na msema uongo neno moja, *mwongo*, na sijaona filamu iliyoufikiria uongo kwa uangalifu kama hii. Mama, mkunga, hataki mchezo huo. Yeye anataka mtoto apumzike nyumbani, salama. Wainaina hamfanyi adui. Marrianne Nungo anampa ukali wa mtu anayejua kuwa kila saa inayotumika nje ni saa iliyotoka kwake. Hivyo ugomvi wa dada na mama si wa ukweli dhidi ya ndoto. Ni ugomvi juu ya nani mwenye haki na siku za mwisho za mtoto, familia au umma, na mtu aliyekulia katika mtaa wetu wowote anajua kuwa jibu lake si rahisi. Ukumbini hapa watu walilia. Hilo halihitaji tafsiri. Utani wa wanakijiji wakati wa kupiga picha, ule ulioifanya huzuni ivumilike, ndio uliopita juu ya vichwa.

*Kati Kati* (2016) ya Mbithi Masya nitaitaja kwa ufupi. Kaleche anazinduka nyikani akiwa amevaa gauni la hospitali, hana kumbukumbu, na anaambiwa kwamba amekwisha kufa. Mazungumzo mengi ni ya Kiingereza, lakini jina lake ni la Kiswahili na ndilo linalofikiri: msomaji wa pwani atakumbuka barzakhi bila kusaidiwa. *Rafiki* (2018) ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa Cannes katika uteuzi rasmi, nayo imejengwa juu ya neno. “Rafiki” na “yeye” havitaji jinsia, na mapenzi ya Kena na Ziki yanapata hifadhi humo kwa muda. Ilipigwa marufuku nyumbani, kisha mahakama ikairuhusu kwa siku 7 tu. Wapenzi wenyewe wanaongea kwa uangalifu mno. Anayesikika kama mtu wa mtaani ni Mama Atim na umbeya wake. *Subira* (2018) ya Ravneet Sippy Chadha nimeiacha nje, kwa kuwa picha zake za Lamu zilinipendeza kuliko maneno yake.

Msomaji wa Muscat au Dubai anaweza kuuliza: mbona humo hamna Bongo Movie? Swali la haki. Familia nyingi za Waswahili ughaibuni ziliwajua Kanumba na Ray kwa DVD zilizobebwa katika mizigo ya wasafiri, wala hazikuwahi kusikia habari za Masya. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, msiba wake ulifika hata kwa wasiojua tamasha la filamu ni kitu gani. Atakayeandika historia ya hadhira yetu aanzie huko. Mimi naandika juu ya nilichokipenda, na katika nyingi ya filamu hizo mazungumzo hurefushwa hadi kila hisia itangazwe mara tatu.

Kutoka Tanzania nachukua *T-Junction* (2017) ya Amil Shivji. Fatima, aliyefiwa na baba yake Mhindi, anakutana hospitalini na Maria, ambaye anamsimulia, kikao baada ya kikao kama katika *Alfu Lela U Lela*, habari za watu wa makutano ya barabara: wachuuzi na vijana ambao jiji linawaona kuwa ni uchafu wa kuondolewa. Maria anasimulia taratibu, na Shivji ana subira ya kumwacha amalize. Ninachokilalamikia ni jina. Kiswahili kina *njia panda*, mahali pa kusita, na pia mahali ambapo wazee walitupa makafara ili mabaya yasirudi nyumbani. Watu wa Maria wametupwa hapo kwa namna hiyohiyo. Maana yote hiyo ilikuwa tayari ndani ya lugha ya filamu, kisha bango likaandikwa kwa Kiingereza.

*Vuta N’kuvute* ya Shivji huyohuyo, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilitoka 2021 na imo nje ya mipaka niliyojiwekea. Tena wasomaji wengi wa jarida hili wanayo riwaya hiyo rafuni, na watataka kuyalinganisha maneno yake na ya filamu ukurasa kwa ukurasa.