Hongera, mama ntilie wa Goba

Ukitafuta chakula cha bei nafuu Goba, Kimara au Mbezi, usihangaike na mabango ya barabarani. Tazama bodaboda zimeegeshwa wapi saa saba mchana. Au sikiliza nyundo: nyumba inapojengwa, hatua chache tu utakuta turubai, mabenchi mawili na mama ntilie.

Hawa ndio wanaostahili pongezi. Mji wa Dar es Salaam umesogea pembeni haraka kuliko hoteli zake, na fundi aliyetoka Gongo la Mboto alfajiri hana muda wala nauli ya kurudi kula kwake. Mama ameshaliona hilo. Maharage yake yako jikoni tangu kabla ya jua kuchomoza. Wali umepaliliwa makaa juu ya mfuniko, mchicha unaingia mwishoni usije ukalegea. Ukikaa, unaletewa maji ya kunawa, kisha sahani iliyogawanywa vizuri: wali upande huu, maharage kule, dagaa kidogo, kipande cha tikiti pembeni. Ukisema "niongezee mchuzi, mama," unaongezewa bila neno. Ni hesabu, si ukarimu mtupu: mteja wa mchuzi wa bure kesho anarudi na wenzake watatu.

Na lipo daftari la madeni, ambalo mimi naliheshimu kuliko benki nyingi. Fundi hulipwa Jumamosi. Tumbo halingoji Jumamosi.

Ila wahi. Saa nane ikipita, umebaki ukoko, na huo nao una wenyewe.