Gazi: kupanda kwa kufuata bamvua

Hapa Ombaci, kaskazini-magharibi mwa Uganda, bahari tunaijua kwa chumvi ya jikoni tu. Tanuri la matofali ndilo tunalolijua, linavyomeza kuni usiku kucha. Kwa hiyo habari ya Gazi, kijiji cha wavuvi huko Kwale, kusini mwa Mombasa, haikunipita. Miaka ya 1970 mikoko yake ilifyekwa kulisha viwanda vya matofali na chokaa. Wakataji walipoondoka, msitu haukurudi: mbegu zilizofika zilisombwa na maji, kwa kuwa hapakuwa na mizizi ya kuzishika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, akiwemo Dkt. James Kairo, wakaanza kupanda pamoja na wanakijiji. Sifa yao kubwa, nionavyo, ni kusoma maji kabla ya kushika mche. Kati ya aina za mikoko, mlilana hukaa mbele, bahari inakoufikia kila siku. Aina iitwayo mkoko hasa hufuata, kwenye tope. Mkandaa uko juu zaidi, kunakofikiwa na maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Mchu haueleweki, maana huota mbele na huota nyuma kabisa.

Mkoko ndio rahisi. Mbegu yake huchipukia mtini, ikaning'inia kama rungu jembamba la kijani. Unachagua isiyotobolewa na wadudu, unangoja maji yapwe, unaichomeka topeni ncha chini, sehemu kubwa ikibaki juu. Kitalu cha nini? Mlilana, wenye vijimbegu vidogo, ndio unaotaka kulelewa kwanza.

Shamba la mkoko la miaka 12 lilipopimwa, hekta moja ilikuwa na miti 5,132, yenye urefu wa wastani wa mita 8.4. Lakini mimi nawatazama zaidi wale ambao hawakupandwa na mtu: kaa walirudi kuchimba mashimo yao, na miche ya aina nyingine ikajiotea kivulini.

Mradi wa Mikoko Pamoja wa hapo Gazi, ulioanza kuuza hati za hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko mwaka 2013, unalinda hekta 117, nyingi zikiwa msitu wa asili. Fedha zake zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Na kwa kuwa kijiji bado kinapika na kujenga, mradi umepanda mivinje nchi kavu, ya kuni na nguzo.