Samurai wa Karatasi, Manduna wa Songea

Vijana wengi tunazipenda picha za samurai kwa ajili ya mapanga tu. Uhondo wenyewe unatupita. Utagawa Kuniyoshi alipowachora wale samurai 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao, mwaka 1847 na 1848, juu ya kila mmoja yaliwekwa maelezo ya maisha yake, na majina yakapindwa kidogo kukwepa serikali. Karatasi ya nyuzi za kozo, mti wa jamii ya mforsadi, ilihimili kusuguliwa rangi baada ya rangi. Makabwela wa Edo walizinunua.

Sasa sisi? Manduna wa Kingoni walionyongwa Songea 27 Februari 1906 wana kaburi na sanamu makumbusho. Ya kubandika gheto, Mbinga au Liuli, iko wapi? Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alituachia zaidi wanyama na ndege. Wachoraji, chongeni hao manduna. Maelezo ya juu tutaandika sisi. Na jamani, tusifiche: Wamatengo, babu zetu, waliwakimbia Wangoni hao hao wakapanda milimani. Hilo nalo liandikwe palepale, juu ya mkuki.