Mshororo Usio na Mazida: Kusoma Fani ya Kiti cha Ndege

Mhakiki anapokabiliwa na kazi yoyote huuliza inasema nini, kisha huuliza inasemaje. Swali hili la pili, la fani, nataka kulipeleka mahali ambapo hatujazoea kulipeleka: kwenye kiti cha daraja la kawaida cha ndege, kile anachokalia mtu anayetoka Unguja kwenda Muscat, Dubai, Nairobi au Dar es Salaam. Kiti hicho kimetungwa. Kuna aliyeamua upana wake, aliyeamua kiwe umbali gani na kiti cha mbele, aliyeamua mkanda wake uishie wapi. Na kama utungo wowote, kina msimamo juu ya binadamu hata pale kinapoonekana kunyamaza. Wanaoujua msimamo huo kuliko wengine ni abiria mrefu na abiria mnene, kwa sababu wao wanaugusa kwa goti na kwa nyonga.

Tuanze na vipimo, kama anavyoanza anayehakiki shairi la kimapokeo kwa kuhesabu mizani: 16 kwa kila mshororo, 8 ukwapi na 8 utao. Safu ya viti katika Boeing 737 nayo imegawika sawa, viti 3 upande huu na 3 upande ule, njia ikipita katikati. Kila kiti kina upana wa karibu sentimita 43. Katika Airbus A320 ni karibu sentimita 46. Kutoka safu moja hadi ya nyuma yake, mashirika mengi leo huacha kati ya sentimita 71 na 81, na unene wa mgongo wa kiti umo humo humo. Mkono wa kiti ndio kina: hurudi palepale kila baada ya kipimo kilekile na kutangaza kwamba mtu mmoja ameishia hapa, mwingine anaanzia hapa.

Vipimo hivi havikushuka kutoka mbinguni. Boeing 787 ilipobuniwa, safu ya daraja la kawaida ilifikiriwa kuwa ya viti 8. Mashirika mengi yalipoinunua yalichagua viti 9. Bati la ndege halikupanuka hata kwa unywele. Mshororo uliongezwa mizani moja, na nafasi ya mizani hiyo ikakatwa kwenye mabega ya waliokwisha kuwepo. Huo ni uamuzi wa mtunzi na mnunuzi wake. Kuusoma kama kosa la mwili wa abiria ni kusoma vibaya.

Sasa tazama fani hiyo inavyofanya kazi mtu akishaketi. Mtu wa mita 1.90 akikaa, paja lake linafika kwenye mfuko wa majarida kabla mgongo wake haujafika kwenye egemeo. Paja halikunjiki katikati, kwa hiyo anafanya kitu pekee kinachowezekana: anatanua magoti, moja kulia, moja kushoto. Goti la kushoto limeingia njiani, mkokoteni wa chakula ukipita lazima alivute. La kulia limemgusa jirani. Urefu umegeuka kuwa upana, na mtu ambaye nyumbani haambiwi ila "mrefu kama mlingoti" anajikuta akiomba radhi kwa kuchukua nafasi ya mwenzake.

Abiria mnene husumbuliwa na vitu vidogo vinavyoonekana na kila mtu. Kimeza kinashushwa, kinafika juu ya tumbo na kusimama hapo, kimeinama. Kikombe hakikai juu ya mteremko. Mhudumu anapofika na chakula, abiria anakirudisha kimeza mahali pake na kusema ameshiba, ahsante. Hajashiba. Mtu huyuhuyu asubuhi ile pale Darajani ameambiwa, "Mashaallah, umenawiri!" na akashukuru kwa furaha. Mwili haukubadilika kati ya Darajani na uwanja wa ndege. Kilichobadilika ni kipimo unachopimwa nacho.

Kila utungo una mhusika, na wa kiti hiki anaitwa abiria wa wastani. Ninamwita mhusika bapa kwa maana kamili ya istilahi hiyo: hana undani, habadiliki, na yupo ili hadithi ipate kwenda. Kiti cha ndege kubwa ya kisasa hujaribiwa kwa kishindo cha nguvu mara 16 ya uzito, ili kisivunjike ajali ikitokea, na sanamu linalofungwa mkanda katika jaribio hilo lina kilo 77. Kwenye makaratasi ya uzito, kanuni za Ulaya kwa ndege zenye viti 30 na zaidi humruhusu mwenye ndege kumkadiria kila mtu mzima kuwa kilo 84, pamoja na begi lake la mkononi. Ndani ya ndege yenye watu 180, wembamba huwafidia wanene na hesabu husimama. Siulaumu wastani kwa kuwepo. Bila wastani ndege haiwezi kupangwa. Ninaulaumu pale unapotoka kwenye karatasi ya rubani na kuwa umbo la mtu halisi anayetakiwa kuketi.

Hata kwenye karatasi, mhusika huyu amewahi kudanganya. Tarehe 8 Januari 2003, ndege ndogo aina ya Beechcraft 1900D ilianguka mara tu baada ya kuruka Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwemo walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba kamba za kuendeshea mkia zilirekebishwa vibaya. Walikuta pia kwamba ndege ilikuwa nzito kwa nyuma kupita kiasi, kwa kuwa uzito wa watu na mizigo ulikisiwa kwa wastani ambao haukuwa tena uzito wa watu wa nchi ile. Baada ya hapo Marekani ikapandisha makadirio yake. Ilibidi watu wafe ndipo mhusika bapa aongezewe kilo.

Unguja tuna fani nyingine ya safari, na inafaa kuwekwa kando ya hiyo. Katika uwanja wa Abeid Amani Karume, zamani Kisauni, huruka kila siku ndege ndogo za Cessna Caravan kwenda Dar es Salaam, Pemba na mbugani. Ni ndege ya injini moja. Aina inayoitwa Grand Caravan hairuhusiwi kuruka ikizidi uzito wa karibu kilo 3,970, ukihesabu mafuta, mizigo na watu. Ndani kimo chake ni mita 1.37 tu, hivyo mrefu na mfupi wote huingia wameinama. Mzigo wa kila abiria ni kilo 15, katika begi laini. Hapa wastani hautoshi, maana watu 12 ni wachache mno kufidiana. Ndiyo maana katika kaunta nyingine abiria mwenyewe hupanda mizani.

Niliwahi kusimama nyuma ya mama mmoja wa makamo, mpana, ndani ya buibui, ameshika mkoba mkubwa wa ukili. Kijana wa kaunta akamwambia, "Mama, samahani, nitakuomba upande hapa."

"Na mkoba wangu?"

"Na mkoba, mama."

Akapanda. Kijana akaandika namba, hakuitamka, akaipindua karatasi. "Ahsante, mama. Wewe utakaa mbele, nyuma ya rubani."

"Alhamdulillahi," akasema, "basi nitaiona Chumbe vizuri."

Mizani ile ingeweza kuwa fedheha. Fani ilivyotumika ndiyo iliyoiokoa. Mwili wa mama yule ulisomwa kama ulivyo, namba yake ikabaki siri ya mwandishi, na mpangilio wa ndege ukabadilika kumfuata: uzito ukaenda mbele, mahali unapofaa, naye akapata dirisha. Caravan ni ndege finyu na haina starehe yoyote kwa pandikizi la mtu, lakini inamkubali abiria kuwa mtu mmoja mahususi. Ndege kubwa ina nafasi zaidi, lakini haimjui kiasi hicho.

Hapa ndipo arudhi yetu inapotufundisha jambo. Mshairi wa mapokeo anabanwa na mizani, lakini hakuachwa bila njia. Anao uhuru unaotambuliwa na kanuni zenyewe: akizidiwa na neno refu hulifupisha kwa inkisari, akipungukiwa hulirefusha kwa mazida, wala hakuna anayemwambia ameharibu shairi. Kiti cha ndege kimechukua inkisari peke yake na kuielekeza kwa abiria. Jikunje. Bana mikono. Shusha pumzi. Lililofupishwa ni mwili.

Mazida yapo, ila yamefichwa. Ndege za abiria kwa kawaida hubeba vipande vya kurefushia mkanda, lakini vinakaa kabatini mwa wahudumu, mpaka mtu aombe mbele ya watu. Mkono wa kiti ulio upande wa njia, katika viti vingi, hunyanyuka ukibonyeza kitufe kilichofichwa chini yake karibu na bawaba. Wengi wamesafiri maisha yao yote bila kuambiwa. Safu ya mlango wa dharura ina nafasi ya miguu, ila mashirika mengi huiuza kwa nyongeza ya nauli, na mengi hayamruhusu anayehitaji kipande cha mkanda kukaa hapo. Kwa hiyo yule anayehitaji vyote viwili, mrefu na mnene kwa pamoja, mlango mmoja ukimfungukia mwingine unamfungia.

Mji Mkongwe unatupa fani mbili za kulinganisha. Ya kwanza ni kiti cha enzi, kile cha mbao nyeusi kilichopambwa kwa pembe na kusukwa kwa kamba, chenye mgongo mrefu ulionyooka na pahala pa kuwekea miguu. Ni kiti kipana, na upana wake hutolewa kwa cheo: hukaliwa na mtawala, mwanachuoni, mgeni wa heshima. Daraja la biashara ndilo mrithi wake. Humpa nafasi aliye nacho, awe mwembamba kama ufito, na kumnyima asiye nacho hata magoti yakimlilia.

Ya pili ni baraza. Limejengwa kwa mawe na chokaa likifuata ukuta wa nyumba, halina mkono wala mgawanyo. Pale Jaws Corner wanapokunywa kahawa na kubishana siasa, anayefika husema salamu alaikum, waliopo husogea, naye hukaa kwa kadiri alivyo. Kipimo cha mtu huamuliwa na aliyekuja pamoja na waliotangulia. Sitaki kulipamba baraza kupita haki yake. Halirushwi angani wala halijaribiwi kwa kishindo cha mara 16, na kwenye mabenchi ya daladala zetu za mbao, ambayo ni ndugu zake, abiria mnene husikia maneno pia. Lakini maneno yale yanasemwa na watu, na watu huweza kujibiwa, kusogea, na kuona haya. Mkono wa kiti hausogei wala hauoni haya.

Je, kiti cha ndege kingeweza kutungwa vingine? Kimekwisha kutungwa. Airbus A220, ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea Desemba 2018, zimesanifiwa kwa viti 3 upande mmoja na 2 upande wa pili, vya karibu sentimita 47, na kile cha katikati, ambacho hakuna anayekipenda, kikaongezwa kufika 48. Sentimita moja ni kidogo, lakini ni mazida ya kweli: mtunzi alijiuliza nani ataumia zaidi katika mshororo huu, akamwongezea yeye. Sheria nayo inaweza kutunga. Mwaka 2008 nchini Kanada iliamuliwa kwamba, katika safari za ndani, mashirika makubwa yasimtoze nauli ya pili mtu ambaye unene wake umefikia kuwa ulemavu na anahitaji kiti cha ziada. Mwaka 2018 bunge la Marekani liliiagiza mamlaka yake ya anga iweke kipimo cha chini cha kiti, na miaka ikapita bila kipimo kutangazwa.

Suala hili halikomei kwenye raha. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka karibu maradufu baada ya safari ya muda wa saa 4 au zaidi ya kukaa bila kujongea, na kwamba warefu sana, wafupi sana na wanene wamo katika hatari zaidi. Unguja hadi Muscat ni zaidi ya muda huo. Anayebanwa ndiye anayejongea kidogo kuliko wote, na ndiye aliyepaswa kujongea zaidi.

Kwa hiyo msafiri mwenzangu mwenye mwili mkubwa, chagua kiti cha pembeni mwa njia, tafuta kitufe cha mkono wa kiti, inuka utembee, na uombe kipande cha mkanda unapoingia mlangoni, kabla safu hazijajaa. Usiombe radhi kwa kukihitaji, maana ni kifaa cha usalama kama lilivyo boya lililo chini ya kiti. Lakini ushauri kwa abiria ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu tuliyoizoea. Nusu ya pili inawahusu watunzi: mashirika yaandike upana wa kiti na nafasi ya miguu kwenye tiketi kama yanavyoandika kilo za begi, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania iyatake kufanya hivyo. Mtu anayelipa nauli kamili ana haki ya kujua vipimo vya kile anachokinunua. Mshairi mwema akiona neno halienei hulitafutia njia ndani ya shairi, kwa kuwa kanuni ziliwekwa ili maneno ya watu yapate kusemeka. Kiti nacho kiliwekwa ili watu wapate kusafiri, na kinachomwacha msafiri wake nje ya kipimo bado hakijakamilika kutungwa.