Jua la Isiolo Latosha, Shida ni Joto

Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019, wakazi wa Kaunti ya Isiolo waliongezeka kutoka 143,294 hadi 268,002. Mji umepanuka kwa nyumba za mabati zinazojengwa upesi kuliko nguzo za stima zinavyosimikwa. Mpango wa serikali wa Last Mile, ulioanza 2015, ulishusha ada ya kuunganishiwa umeme hadi Sh15,000, ila kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Aliyejenga nje ya hapo hulitegemea paa lake.

Jua lenyewe lipo. Mji wa Isiolo hauko hata nusu digrii kutoka ikweta, na kwa wastani hupata jua linalolingana na saa 5 hadi 6 za mwanga kamili kwa siku. Dublin, mji mkuu wa Ireland, hupata karibu nusu ya hilo, lakini paneli za kule hupoozwa na hewa ya baridi. Huku kwetu mwanga huja na joto, na joto hupunguza umeme wa paneli na kufupisha maisha ya betri. Kwa hiyo kazi nzuri ya sola Isiolo ni ile inayopokea mwanga na kulizuia joto katika kila hatua.

Hatua ya kwanza hufanywa kwa kalamu. Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu katika mtaa wa Bulla Pesa, mjini Isiolo. Taa sita za wati 7, zikiwaka saa 5, hula wati-saa 210. Runinga ya wati 50 kwa saa 5 hula 250. Feni ya wati 50 kwa saa 8, 400. Friji ndogo isiyokula umeme mwingi, takriban 700 kwa siku. Simu za nyumbani, 50. Jumla ni wati-saa 1,610. Ukigawanya kwa saa 5 za jua unapata wati 322. Ukiacha nafasi ya asilimia 30 kwa vumbi, joto, waya na inveta, unafika wati 460. Paneli za wati 500 zinatosha nyumba hii. Anayenunua paneli kabla ya kupiga hesabu hii hugundua upungufu wake usiku, friji ikizima.

Hatua ya pili ni paa. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa seli zikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya bati la Isiolo saa saba mchana, seli zinaweza kufika 65. Paneli za kawaida hupoteza takriban asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25, hivyo nyuzi 40 za ziada huchukua asilimia 14. Paneli zako za wati 500 zimebaki 430, na hakuna kilichoharibika. Dawa yake ni rahisi: reli za chuma zinazoinua paneli angalau sentimita 10 kutoka kwenye bati, ili upepo upite chini yake. Paneli iliyolazwa juu ya bati hupashwa moto pande zote mbili.

Mwinamo nao una sababu yake. Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, Desemba huwa kusini, kwa hiyo kuelekeza paneli kaskazini au kusini hakuleti tofauti kubwa. Mwinamo wa digrii 10 hadi 15 unatosha, hasa ili mvua iteremke na vumbi. Miezi ya kiangazi vumbi hilo lioshwe kwa maji asubuhi na mapema, kioo kikiwa bado baridi.

Hatua ya tatu ni waya, mahali ambapo watu hubana pesa kwa hasara yao. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ukitoka mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, ukibeba ampea 10, hupoteza volti 1.4 hivi. Kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni zaidi ya asilimia 11, inayogeuka kuwa joto ndani ya waya. Waya wa milimita mraba 6 huishusha hasara hiyo chini ya asilimia 5. Nyumba ikiwa kubwa, ni bora kupandisha mfumo hadi volti 24.

Betri ndiyo huumia zaidi. Kanuni ya mafundi ni kwamba betri ya asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Isitumiwe pia zaidi ya nusu ya ujazo wake, hivyo nyumba yetu, ili ivuke siku moja ya mawingu, inahitaji takriban ampea-saa 270 za volti 12. Betri ya lithiamu hukubali kutumiwa hadi asilimia 80, kwa hiyo takriban 170 zinatosha. Bei yake iko juu, lakini hudumu miaka mingi zaidi. Iwe ya aina gani, betri ikae chini, ndani ya chumba chenye hewa, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Darini, chini ya bati, si mahali pake.

Kanuni za sola za Kenya za 2012 zinataka kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni, na leo leseni hiyo hutolewa na mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA. Idai uione. Kisha mwambie akuandikie mambo manne: mzigo wa nyumba kwa siku, nafasi kati ya paneli na bati, unene wa waya, na mahali betri itakapokaa. Fundi anayekupa karatasi hiyo kabla ya kupanda paa ndiye anayestahili pesa zako.